Mpwa Wangu, Gari Ligeuze Kama Mtumbwi

Ulipokuja juzi, mpwa wangu, nilikuwa nimeshakutarajia. Mwezi ulikuwa umeanza kunenepa, na mvuvi wa dagaa mwezi ukinenepa hana kazi ziwani. Taa zake zinashindwa, dagaa hawaji, ndipo anapokumbuka ndugu zake wa bara. Ulinipa shikamoo yangu, ukaketi, mkaza mjomba wako akakuwekea ndizi na dagaa wale wale uliowaleta kutoka kisiwani Goziba. Kabla hujanawa ukatoa simu. Prado nyeusi. Rimu zinawaka, vioo vimetiwa giza, na juu ya paa taa nne zimepangwa kama karabai za mtumbwi. "Mjomba," ukasema, "hii inavuta tela hadi Mutukula na kurudi, na matope haiyajui."

Nilikuuliza swali moja tu: tela la nini? Ukacheka, ukadhani mzee anatania.

Nimeamua kukuandikia kwa kuwa nikianza habari za magari kwa mdomo, mkaza mjomba wako hunikatiza kabla sijafika kwenye rejeta. Wasomee na wenzako kambini. Nasikia mabondo ya sangara yakipanda bei kila mmoja wenu anakuwa na picha ya gari kwenye simu, na kila picha ina dalali nyuma yake.

Mimi nimeendesha magari miaka arobaini, karibu yote ya watu. Nilianza na Land Rover 109 mwaka 1974, gari ambalo mvua ikinyesha nje dereva analowa ndani, nikastaafu nikiendesha Land Cruiser. Kompyuta za magari ya siku hizi sizijui. Kuna vijana wa gereji pale Bukoba wananizidi mbali kwa mambo ya waya, nami sioni aibu kuwauliza. Lakini uzito ni ule ule, na mteremko ni ule ule.

Unakumbuka siku uliyonunua mtumbwi wako? Nilikuwepo. Muuzaji alikuwa ameupaka rangi ya buluu na nyeupe, ameandika maneno ya Mungu ubavuni, na wewe hata hukuyasoma. Uliwaita wenzako wanne, mkaupindua mchangani, ukapiga magoti. Ukapita na kisu kando ya mkuku, ukikichomeka hapa na pale kusikia ubao uliolainika. Ukavuta uzi wa pamba kwenye kalafati, ukaunusa. Ukauliza bati hili limepigiliwa lini, na kwa nini misumari ya upande huu ni mipya kuliko ya upande ule. Yule bwana akaanza kutokwa jasho saa mbili asubuhi. Ukampunguzia bei karibu theluthi, naye akakushukuru.

Sasa mtu huyo huyo, mwenye jicho hilo, anataka kutoa fedha mara kumi ya zile kwa ajili ya picha. Gari nalo lina mkuku, mpwa wangu. Tatizo ni kwamba huwezi kulipindua mchangani, kwa hiyo wewe ndiye unayepaswa kulala chini.

Tuanze na kazi yenyewe. Ulipomaliza kucheka ulinitajia mzigo ukihesabu kwa vidole: mashine mbili za boti za farasi 40 kuzileta Bukoba kwa fundi na kuzirudisha, mapipa mawili ya petroli, nyavu mpya na kamba, kisha kushuka navyo hadi mwaloni Magarini. Nikachukua kalamu baada ya wewe kuondoka. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo pipa la lita 200 ni kilo 150, na chuma cha pipa chenyewe tuseme kilo 20. Mapipa mawili, 340. Mashine ya farasi 40 inazidi kidogo kilo 70. Mbili, tuseme 150. Nyavu, kamba na vikorokoro, 100. Tela la chuma la kuchomelewa mtaani ni zito kuliko linavyoonekana, weka 300. Tumefika karibu kilo 900, na bado hujapandisha vijana watatu na mabegi yao kwenye viti vya nyuma. (Kubeba petroli kwenye tela ni hadithi nyingine, na polisi wana neno lao juu yake. Hapa nahesabu uzito tu.)

Kilo 900 si mzigo wa kutisha. Prado itauvuta ikiimba. Dizeli ya miaka ya 2002 hadi 2009, kwa mfano, kule Ulaya ilipewa ruhusa ya kuvuta hadi kilo 2,800, na hiyo ndiyo namba ambayo dalali wako amekusomea kutoka kwenye simu yake. Asichokusomea ni mstari unaofuata. Namba ile ni ya tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, huko huko Ulaya, mwisho wake ni kilo 750, hata livutwe na gari kubwa namna gani. Na tela zetu hizi, zinazochomelewa kwa mhimili wa gari bovu na bomba la maji, nioneshe moja lenye breki.

Hapo ndipo ninapotaka utulie unisikilize. Nyinyi vijana mkisikia neno kuvuta mnawaza mlima. Mlima haujawahi kuua mtu wa tela. Gari likishindwa mlima linanguruma, linachemka, linasimama, mnashuka mnasukuma mkicheka. Kinachoua ni kushuka. Na nchi yetu hii, toka Bukoba hadi Muleba na kupanda Kamachumu, ni migongo na mabonde. Kila mahali unapofurahia kuliona ziwa kwa juu, jua kuna mteremko unakusubiri.

Mwaka 1993 niliharibu mtumbwi wa mtu. Sijawahi kukusimulia. Gari lilikuwa la mwajiri wangu wa wakati ule, simtaji, na tela lilikuwa la kuazima. Tulipakia mtumbwi mkubwa wa mbao, na kwa kuwa ulikuwa mrefu, sehemu yake nzito ikawa nyuma ya magurudumu ya tela. Tulipolifunga kwenye gari, kijana mmoja aliinua shingo ya tela kwa mkono mmoja, tukamsifu kwa nguvu zake. Laiti angekuwapo mtu wa kutuuliza kwa nini shingo ya tela lenye mtumbwi mzima inainuliwa kwa mkono mmoja!

Kabla ya Kemondo, kwenye mteremko, nikiwa kama kilomita sitini kwa saa, nikasikia gari linanong'ona nyuma. Ndivyo lilivyoanza, kama mtu anayekuvuta shati. Kushoto, kulia, kushoto. Nikafanya ambacho kila dereva hufanya mguu ukiongozwa na hofu: nikakanyaga breki. Gari likapungua mwendo, tela halikupungua. Likaja ubavuni mwangu, nikaliona kwenye dirisha la abiria kama gari jingine linalotaka kunipita. Halafu tukawa ndani ya kibanja cha watu.

Hakufa mtu. Mtumbwi ulipasuka kama ganda la karanga. Bibi mwenye kibanja akatoka na jembe mkononi, akatutazama kama tu wazima, akaona hakuna damu, kisha akageuka akaanza kuhesabu migomba yake iliyoanguka. Alihesabu polepole, akigusa kila mmoja. Tisa. Minne ilikuwa na mikungu. Alirudia kuhesabu walipofika polisi, akarudia tena mbele ya mwenyekiti, na kila mara ilikuwa tisa. Nililipa kwa mshahara wa miezi mitatu, na mpaka leo nikipita pale nageuza uso upande wa ziwa.

Kwa hiyo shingo ya tela iwe na uzito. Kanuni wanayoifuata madereva wengi wa tela ni kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote ikae juu ya ndoano ya gari. Tela lako la kilo 900 liikalie ndoano kwa kilo 90 hivi. Hupimi kwa macho. Nenda chama cha msingi kabla ya msimu wa kahawa kupamba moto, mwombe karani mizani, ning'iniza shingo ya tela pale. Atakushangaa, mwache akushangae. Ikisoma thelathini, sogeza mapipa mbele. Ikisoma mia na hamsini, gari litakaa matako chini na usukani utakuwa mwepesi kama wa baiskeli. Yarudishe nyuma kidogo. Na tela likianza kunong'ona, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, usiguse breki, liache litulie lenyewe. Naandika kwa wepesi, lakini siku ile mguu hautataka kukutii.

Na usikubali lile neno "ongeza kidogo tu". Sisi tuliozika watu baada ya meli ya MV Bukoba kuzama, tarehe 21 Mei 1996, neno hilo halituchekeshi. Meli ilipita Kemondo, mamia ya ndugu zetu wakaishia karibu kabisa na Mwanza. Wewe mwenyewe ziwani hukubali mtu wa kumi na tatu apande mtumbwi wa watu kumi na wawili. Barabarani unakuwaje mtu mwingine?

Sasa magari. Katika picha ulizonionesha kulikuwa na makabila mawili, nawe uliyachanganya. Kuna gari ambalo bodi yake imekalishwa juu ya chasisi, vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi. Kuna jingine ambalo bodi ndiyo chasisi yenyewe. RAV4, Harrier (ile ambayo vijana mmeipa jina nisiloweza kulitamka mbele ya mkaza mjomba wako), Vanguard, X-Trail, Forester, hayo ni kabila la pili. Ni magari mazuri. Harusini yanapendeza, lami yanaila vizuri, na RAV4 ikitunzwa itafika barabara nyingi za vijijini wakati wa kiangazi. Lakini mengi yake hayana ile gia ndogo ya kutambaa, na ukiyafunga tela la kilo 900 kila wiki kwenye milima hii, kama ni ya otomatiki gia boksi itachemka, kama si leo mwakani. Mengi yameshafungwa na kufunguliwa na mafundi mara nyingi kuliko ndoa za watu wa mjini.

Suzuki Escudo iko katikati. Lile la kuanzia 1997 lina chasisi, na hata lile lililoanza 2005 chasisi imefichwa ndani ya bodi. Na mengi yana gia ndogo ukiangalia vizuri. Ni jepesi, halizami kwenye tope kama Prado. Kama mzigo wako ungekuwa nusu ya huu, ningekwambia nunua Escudo, fedha itakayobaki ongeza nyavu.

Land Cruiser mkonga sitakudanganya: hakuna gari linaloishinda hapa kwetu. Injini ile ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina tabo wala makuu, hata fundi wa chini ya mwembe anaijua. Ndiyo maana hospitali za misheni na hifadhi za wanyama haziiachi. Ndiyo maana pia bei yake haishuki hata ikizeeka. Ukiiona ya mnada kwa bei nzuri, jua imetoka kazini siku hiyo hiyo asubuhi, na ilikuwa kazi ngumu. Lala chini uangalie pale springi zinapokamata chasisi; nyufa huanzia hapo, na rangi nyeusi mbichi iliyopakwa hapo tu ni kama lile bati jipya la mtumbwi.

Tubaki na Prado, maana moyo wako uko huko na mimi sikukatazi. Zile za 1996 hadi 2002 zenye injini ya 1KZ, dizeli ya lita tatu yenye tabo, zina nguvu ya punda. Ugonjwa wake ni mmoja, kila fundi wa Kagera ataukwambia kabla hujamaliza swali: ikichemka, silinda hedi inapasuka. Inachemka kwa sababu rejeta imeziba, au feni imechoka, au mwenye gari ametia maji ya ziwa miaka kumi. Sasa fikiri, gari lenye ugonjwa wa joto ndilo unataka kulifunga tela ulipandishe Kamachumu mchana. Nyuma yake ikaja 1KD, ile wanayoiita D-4D. Tamu kuendesha, inakula kidogo. Lakini nozo zake zinataka dizeli safi, na nozo ikianza kuvuja huchoma pistoni. Dizeli ya kwenye madumu ya mwaloni, ile mnayochujia kitambaa, usiitie humo.

Ningekuwa wewe, ningetafuta Prado ya petroli ya lita 2.7, ya umbo la 2002 hadi 2009 au lililofuata. Najua utasema inakunywa, na mlimani na tela itakuwa inapumua kama mzee. Ni kweli, inakunywa. Lakini petroli wewe unanunua kwa mapipa tayari, injini yake haina tabo wala nozo za bei ya ng'ombe, na mlimani kwenda polepole hakujamwangusha mtu yeyote. (Ungenisikiliza kabisa ungenunua pikapu, mzigo ukaupakia nyuma, tela likabaki kwa siku za mtumbwi tu. Lakini nimeona uso wako nilipotaja pikapu.)

Siku ya kuliona gari, fika alfajiri, bila kumwambia dalali saa. Kitu cha kwanza weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, wameliwasha mapema kuficha namna linavyoamka; waage, rudi kesho. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta taratibu na utazame maji. Yawe na rangi ya dawa yake. Ukiona mafuta yanaelea, au maji ya kahawia kama chai ya rangi, funga urudi nyumbani. Fungua na kifuniko cha oili, kigeuze. Pakiwa na utando mweupe kama uji wa ulezi uliotiwa maziwa, maji yameingia kusikotakiwa. Ndipo washa, rejeta ikiwa wazi, usimame kando. Mapovu yakija mfululizo kama samaki anayepumua chini, hedi hiyo imekwisha, hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake.

Moshi nao unasema. Wa buluu ni oili inaungua. Mweupe usiokoma hata gari likishapata joto ni maji. Mweusi kwenye dizeli ni mafuta yasiyoungua, mara nyingi nozo au pampu.

Kisha ulale chini. Beba gunia. Magari mengi ya Japani yametembea kaskazini mwa nchi ile, ambako majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi inakula chasisi kutoka ndani. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi. Kwa hiyo ukiona chasisi imebabuka magamba, ujue ugonjwa huo ulipanda meli nayo. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boga.

Ukiwa huko huko chini tafuta shafti ya mbele. Usicheke. Kuna watu wanaifungua wakauza, au wakaiweka stoo ili gari lipunguze kula mafuta, kisha gari linatangazwa kuwa linavuta kwa magurudumu manne. Ulitie gia ya magurudumu manne mbele yako, ulitie na gia ndogo, ulisogeze mbele na nyuma kwenye nyasi. Gia ambayo haijaguswa miaka mitano huwa imeganda, na utakuja kuligundua hilo usiku, tope likiwa magotini.

Tairi zina tarehe ya kuzaliwa. Tafuta ubavuni namba nne ndani ya kiduara kirefu: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri la mwaka 2012 ni zee lililopakwa hina. Na namba ya chasisi isomwe kwenye chuma, ilinganishwe na kadi, herufi kwa herufi. Kadi iwe halisi na iwe mkononi, maana kopi nzuri mara nyingi maana yake kadi yenyewe imelala kwa mkopeshaji. Mambo ya "hili ni namba E, bado jipya" yaache kwa watu wa mjini. Namba inaonesha lini gari lilisajiliwa hapa, haioneshi limefanya nini Japani miaka kumi na miwili kabla ya hapo. Namba za kilomita kwenye dashibodi sizitaji kabisa. Kijana mwenye kompyuta ndogo anazirudisha kabla chai haijapoa.

Ukiamua kuagiza mwenyewe, tumia kikokotoo cha TRA kwanza, ndipo uangalie picha. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kuna VAT ya asilimia 18, kuna ushuru wa bidhaa unaopanda na ukubwa wa injini, na gari likipita miaka minane linaongezewa mzigo wa uzee. Nimeona mtu mzima analia bandarini kwa sababu alihesabu bei ya Japani na nauli ya meli tu.

Ndoano ya tela haiji na gari kutoka Japani, mara nyingi utaitengeneza hapa. Ifungwe kwenye chasisi kwa bolti, pande zote mbili. Ukiona fundi anaichomelea kwenye bampa, mnyang'anye funguo zako. Kisha ufungwe na mnyororo wa akiba, shingo ikiponyoka tela libaki lako. Tela nalo linataka namba yake na kadi yake. Na kwa kuwa lako linapita kilo 750, lifungiwe breki. Mwambie fundi wa tela hivyo kabla hajakata chuma cha kwanza. Asipojua, punguza mzigo, pipa moja libaki kwa safari ya pili.

Kuhusu tope nina machache. Barabara ya kushukia mwaloni masika unaijua kuliko mimi. Tia gia ya magurudumu manne kabla ya tope, si baada ya kukwama. Punguza upepo kidogo kwenye tairi ukifika mchangani, na uwe na pampu ya kuurudisha. Usiliinue gari kwa springi ndefu kama wale wa kwenye video. Gari refu na tela fupi havielewani. Tena usilirudishe gari majini kushusha mtumbwi. Magurudumu yametoka safari ya moto, ukiyatumbukiza ghafla kwenye maji baridi, habu zinavuta maji ndani, baada ya mwezi beringi zinalia. Simama mchangani, fungua tela, itaneni. Mwalo mzima una mikono, na nyimbo za kuvutia mtumbwi bado mnazijua.

Mwisho ni fedha, na hapa nasema kama kaka wa mama yako. Uliniambia utauza mtumbwi mmoja ufikishe bei. Mtumbwi unakulisha kila giza. Gari litakula mbalamwezi zote, maana siku ambazo huvui litataka oili na tairi vilevile. Ukiwa na shilingi ya kununua Prado tu, huna bado. Chukua hesabu yako, ikate mafungu matatu, mawili yanunue gari, la tatu likae benki lisubiri rejeta, breki, shokapu na tairi, ambavyo utavibadili ndani ya miezi sita upende usipende. Kama mafungu mawili hayafiki Prado, yanafika Escudo, au yanafika kukodi pikapu ya jirani mwaka mzima.

Nimeshazungumza na yule fundi wangu wa zamani, atakuja nasi Bukoba Jumamosi. Tuondoke hapa saa kumi usiku, tufike boneti ikiwa baridi. Uje na tochi, nyundo ndogo na gunia. Fedha ziache kwa mkaza mjomba wako. Na vaa nguo zako za mwaloni, maana siku hiyo mimi nitakuwa nimeketi kwenye kiti cha dalali nakunywa chai, na wewe ndiye utakayekuwa chini.